Ukurasa Mmoja, Safari Mia Nne

 

Kila mwaka, mara nyingi mwezi Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, hutangaza matokeo ya kidato cha nne. Katibu Mtendaji hajamaliza kusoma takwimu zake mbele ya waandishi wa habari, simu zimeshatoka mifukoni. Mzazi mmoja wa mtaa wa Soweto, hapa Mbeya, anautaka ukurasa wa Sekondari ya Sangu. Shangazi wa mtoto yuko Makambako, naye anautaka huohuo. Mwalimu wa taaluma anautaka. Jirani ambaye hana mtoto Sangu, ila hapendi kupitwa, anautaka pia. Na ukurasa wenyewe ukiutazama ni jedwali tu: namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja, halafu masomo na alama zake. Hauna picha wala video. Simu ya bei ya chini kabisa ingeufungua mara moja. Lakini siku hiyo kiduara kinazunguka, kinazunguka, mpaka mtu anaanza kulaumu bando.

Bando halina kosa. Tuseme watu mia nne walio chini ya mnara mmoja wa simu pale Soweto wameuomba ukurasa ule ndani ya robo saa. Mtandao tulio nao hautambui kwamba wote wanaomba kitu kimoja. Unachokiona ni watu mia nne wanaotaka kuzungumza na kompyuta fulani, yenye anwani fulani, iliyoko mbali. Kila mmoja anapelekwa hadi mlangoni kwa kompyuta hiyo, anapanga foleni, anapewa nakala yake, anarudishwa nayo Mbeya. Jedwali lilelile linapita kwenye nyaya zilezile mara mia nne. Akija mtu wa mia nne na moja, safari inaanza upya.

Nataka leo tuone kwa nini iko hivyo, na wale waliosema si lazima iwe hivyo.

Intaneti ilibuniwa wakati kompyuta zilikuwa chache, kubwa na ghali. Vinton Cerf na Robert Kahn walipochapisha mpango wao mwaka 1974, shida iliyokuwapo ilikuwa kumwezesha mtu aliyekaa kwenye kompyuta moja aitumie nyingine iliyo mbali. Kwa hiyo swali la msingi likawa: unaitaka mashine ipi? Kila mashine ikapewa anwani. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, ukahamia kwenye utaratibu huo wa TCP/IP, na dunia nzima ikalirithi swali lile. Sisi tumelirithi pia. Simu yako inapofungua chochote leo, jambo la kwanza inalofanya ni kutafuta anwani ya mashine. Wewe umesema unataka nini. Mtandao unakuuliza kiko wapi.

Aliyelisema hili kwa sauti ya kusikika ni Van Jacobson, na huyu si mpita njia. Oktoba 1986, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majengo ambayo unaweza kutembea kwa miguu kutoka moja hadi jingine, yaliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Biti arobaini, msikilizaji, ni herufi tano kwa sekunde. Jacobson na mwenzake Mike Karels wakachimba mpaka wakapata chanzo, na mwaka 1988 Jacobson akachapisha dawa yake, namna ya kompyuta kupunguza mwendo zinapoona njia imejaa. Mawazo hayo bado yanafanya kazi ndani ya simu uliyoishika. Mtu wa aina hiyo ndiye aliyesimama mbele ya wahandisi wa Google mwaka 2006 na kuwaambia kwamba mtandao umejengwa kwa ajili ya mazungumzo ya mashine mbili, ilhali sehemu kubwa ya kazi yake sasa ni watu wengi kutaka kitu kilekile. Mwaka 2009, yeye na wenzake wa kituo cha utafiti cha PARC, California, walichapisha mpango kamili. Mwaka uliofuata Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani ukatoa fedha kwa mradi ulioongozwa na Profesa Lixia Zhang wa UCLA. Mradi unaitwa NDN, yaani mtandao wa data zenye majina.

Tuuone kwa mchele. Ukitaka mchele wa Kyela hupandi gari kwenda Kyela. Unakwenda soko la Mwanjelwa, unautaja kwa jina, na muuzaji wa kwanza aliye nao anakupimia. Kama hana, anamtuma kijana kwa mwenzake wa meza ya pili. Naye kama hana, agizo linasogea mbele mpaka lifike ghalani. Mchele unarudi kwa njia ileile lilikopita agizo, na kila muuzaji njiani anaweza kubakiza gunia lake kwa ajili ya mteja wa kesho. Hakuna aliyehitaji kujua mkulima anakaa wapi.

Ndivyo NDN inavyotaka mtandao ufanye. Simu inatuma ombi lenye jina la kitu. Jina hilo lina ngazi: kwanza NECTA, kisha matokeo, kisha kidato cha nne, kisha mwaka, kisha namba ya shule. Ruta ya kwanza, ile mashine ya kuelekeza pakiti za data, tuseme iko hapohapo mnarani, inaangalia akiba yake. Kitu kipo? Kinatoka hapo na safari imekwisha. Hakipo? Inaangalia daftari la maombi yanayosubiri: je, kuna mwingine ameshakiomba? Kama yupo, hailitumi ombi la pili. Inaandika tu kwamba na huyu anasubiri. Likiwa ombi jipya kabisa, ndipo inatafuta njia ya kulipeleka mbele. Kitu kikirudi kinagawiwa kwa wote waliokuwa wakisubiri, na nakala inabaki. Maombi mia nne ya Soweto yamekuwa ombi moja.

Hadi hapo utasema hesabu imekubali, tumalize. Lakini kuna jambo ambalo kila mama anayenunua mchele Mbeya analijua: si kila mchele unaoitwa wa Kyela umewahi kuiona Kyela. Unachanganywa. Na ukiruhusu yeyote njiani akupe nakala ya kitu, umemfungulia mlango kila mchakachuaji. Utajuaje kwamba jedwali ulilopewa na ruta ya Soweto ndilo lililotoka NECTA, na hakuna daraja la pili lililogeuzwa la kwanza?

Kwa maoni yangu hapa ndipo wazo hili lilipo na thamani, kuliko hata kwenye ile akiba. Usalama tulio nao leo unalinda bomba. Kile kikufuli kidogo unachokiona juu ya ukurasa kinakuambia kwamba unazungumza na mashine halali na hakuna anayesikiliza katikati. Ukishaupakua ukurasa, ukaufanya PDF na kuutupia kwenye grupu la ukoo, kikufuli kimebaki nyuma. Faili linatembea uchi. NDN inalinda kitu chenyewe. Kila kipande cha data kinatiwa saini ya kidijitali na aliyekitengeneza, muhuri wa kihesabu unaotokana na ufunguo wake wa siri, na yeyote mwenye ufunguo wa wazi anaweza kuuhakiki. Badilisha herufi moja, muhuri unakataa. Baada ya hapo haijalishi umekipata kwa nani. Hata ukipewa na mwizi, ni kilekile.

Sasa shuka nami hadi Mwanjelwa, kwenye kibanda cha kijana anayeingiza nyimbo. Laptopu yake imefutika herufi za kibodi, zimebaki zile zisizotumika sana. Spika mbili zimeelekezwa barabarani, na mezani kuna kisomeo cha memori kadi kilichofungwa kwa gundi ya karatasi kisitikisike. Kwenye skrini kuna mafolda: SINGELI MPYA, KWAYA, ZA ZAMANI, MUVI ZILIZOTAFSIRIWA. Anafika konda wa basi na flashi ya gari. Anasema anataka kwaya mchanganyiko na za zamani, abiria wa leo ni watu wazima. Dakika chache, flashi imejaa, hela imelipwa. Konda haulizi nyimbo zimetoka wapi, na akimwuliza atakuwa mtu wa ajabu. Kwamba msanii hapati chake pale ni kesi nyingine, nzito, na siipuuzi. Jioni flashi ileile iko Ipogolo, Iringa, kilomita zaidi ya 300 kutoka hapa, na kijana wa huko anainakili kabla basi halijaondoka. Hakuna MB hata moja iliyotumika.

Kwa hiyo mtandao unaofuata kitu badala ya anwani tunao tayari, na umefika hadi vijiji ambavyo mnara unashika ukisimama juu ya kichuguu. Tunauendesha kwa mikono: flashi, bluetooth, magrupu ya WhatsApp. Unachokosa ni muhuri. Ndiyo maana orodha feki za walioitwa kwenye usaili zinasambaa kwa kasi ileile ya orodha za kweli, na taasisi zinahangaika kutoa taarifa kwa umma zenye picha ya tangazo lile na neno FEKI kubwa jekundu limegongwa juu yake. Halafu mjanja anachukua taarifa ya kukanusha, naye anaigeuza.

Waliowahi kuendesha intaneti kafe Iringa mjini miaka ya 2000 watanielewa zaidi. Wakati ule laini ilikuwa nyembamba na ghali, na fundi aliyejua kazi alisimika programu iitwayo Squid kwenye kompyuta moja ya kona. Mteja wa kwanza akifungua gazeti, nakala ilibaki. Wa pili mpaka wa ishirini walisomea hapohapo. Kisha tovuti zikahamia kwenye kikufuli, kwa sababu nzuri kabisa za usalama, na ile kompyuta ya kona ikawa haina kazi. Haiwezi kuhifadhi kile isichoruhusiwa kukiona. Mtaalamu wa wavuti Eric Meyer aliliandika hili mwaka 2018 baada ya kufundisha Uganda, kwenye shule iliyotegemea setilaiti: kulinda tovuti kumewafungia nje wale wenye laini mbovu. Hakuwa akisema usalama haufai. Alichoonyesha ni gharama ya kufunga bomba badala ya kufunga mzigo.

Sasa Iringa kwenyewe. Ukitoka mjini kuelekea Dodoma, kabla hujalifikia Bwawa la Mtera, unapita Izazi na Migoli. Vijiji hivi viliingia kwenye mradi uitwao DigI, uliofadhiliwa na Baraza la Utafiti la Norway, ndani yake wakiwamo watu wa Chuo Kikuu cha Oslo na wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Waliweka vituo vya habari ambapo mwanakijiji mwenye simu aliunganishwa bure, bila bando, na kutazama video za katuni za Kiswahili kuhusu kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na tegu wa nguruwe. Huyo wa mwisho ni wa kwetu hasa. Nyanda za Juu Kusini tunafuga nguruwe kwa wingi na tunaila kitimoto kwa furaha. Ukila nyama yenye viluwiluwi isiyoiva unapata tegu tumboni. Mayai ya tegu yakitoka na kinyesi cha mtu, yakaingia kwenye chakula au maji ya mwingine, viluwiluwi vinaweza kupanda hadi kwenye ubongo, na mtu akaanza kuanguka kifafa. Familia inakwenda kwa mganga kutafuta aliyemroga, kumbe ni choo.

Somo kama hilo halihitaji kutoka Oslo kila linapotazamwa. Halibadiliki wiki kwa wiki. Linafaa kukaa kijijini, kwenye seva ndogo, karibu na zahanati. DigI haikuwa NDN, ilitumia intaneti ya kawaida, lakini ilielewa jambo lenyewe: kisogeze kitu karibu na anayekihitaji. Upungufu ninaouona ni kwamba kisanduku cha namna hiyo kinajijua chenyewe tu. Mwalimu wa Mafinga akiitaka video ileile, simu yake haina namna ya kujua kwamba ipo Izazi, mkoa huohuo. Itaifuata mbali au itakosa. Video haina jina ambalo mtandao mzima unalitambua. Ina makazi tu.

Mbali kwenyewe ni wapi? Tulionyeshwa Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaopita Iringa na Mbeya kwenda Tunduma, ulikuwa mzima ardhini. Mbeya na Iringa zingeweza kuzungumza. Shida ni kwamba tulivyovitaka vilikuwa ng'ambo. Na hata kile ambacho nakala yake iko Dar es Salaam kinaweza kugoma siku kama hiyo, kwa sababu programu nyingi kabla hazijakupa nakala ya jirani zinakwenda kwanza nje kuuliza wewe ni nani na anwani ya kitu ni ipi. Chakula kiko jikoni, ruhusa ya kupakua iko Ulaya.

Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka vituo vya kubadilishana mawasiliano ya intaneti mikoani, kimojawapo hapa Mbeya, ili pakiti ya mtu wa Iyunga kwenda kwa mtu wa Kabwe anayetumia kampuni nyingine isilazimike kwenda Dar na kurudi. Ni hatua nzuri. Ila kituo cha kubadilishana kinahitaji vitu vya kubadilishana. Google na Netflix walishatatua shida yao zamani kwa pesa: wanaweka mashine zao za akiba ndani ya kampuni za mawasiliano duniani, video zikae karibu na mtazamaji. Wenye nguvu wamenunua ukaribu. Utabiri wa mvua za msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao mkulima wa huku anausubiri kabla ya Novemba, na maelezo ya mbegu za viazi na maharage kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, ambapo mtu wa Uyole anaweza kwenda kwa miguu, havina wa kuvinunulia ukaribu. NDN ingekipa ukaribu huo kila kitu chenye jina, hata kama mwenye nacho hana senti. Hilo ndilo linalonivutia, na nadhani ndilo linalowafanya wenye mashine zao wasiwe na haraka nalo.

Nisikupambie. Tangu 2010 hadi leo NDN iko zaidi kwenye maabara na majaribio ya vyuo. Majina ya vitu ni mengi kuliko anwani za mashine kwa kiasi cha kutisha, na ruta inayobeba daftari la majina hayo yote bado ni kitendawili cha wahandisi. Salio lako la M-Pesa halifai kuwekwa akiba mahali popote. Ni lako na linabadilika. Simu ya kumjulia hali mama ni mazungumzo ya watu wawili kwelikweli, na ule mtindo wa zamani unaifaa. Halafu kuna faragha. Mtandao unaosoma majina ya vitu unaweza kujua nani ameomba maelezo ya ugonjwa gani. Na anayeweza kulisoma jina la ombi anaweza kulizuia.

Pamoja na hayo, nusu ya wazo haihitaji kusubiri ruta mpya. Kutia saini faili kunawezekana leo. NECTA, Hali ya Hewa, Uyole, Sekretarieti ya Ajira, kila mmoja angeweza kutoa waraka wake ukiwa na muhuri unaohakikiwa na simu bila intaneti, hata kama waraka umefika kwa flashi ya konda. Na kwa vijana wa chuo kikuu cha MUST pale Iyunga na wa Chuo Kikuu cha Iringa: programu za NDN ni za bure, zimewekwa wazi, na zinakwenda kwenye kompyuta ya kawaida ya Linux. Kompyuta mbili Mbeya, mbili Iringa, na video ya tegu yenye jina moja, zinatosha kuanza kupima. Ninyi mnayo laini mbovu halisi ya kuijaribia, kitu ambacho maabara ya Los Angeles inalazimika kuiga.

Mkianza, mtakutana haraka na suala la funguo. Ofisa anayetia saini kwa niaba ya Uyole akihamishiwa kituo cha Naliendele, ufunguo unabaki kwa nani? Ukiibiwa, seva ya Izazi ambayo haijapata mtandao kwa wiki mbili itajuaje kwamba muhuri wa jana si halali tena? Seva hiyo itaendelea kuupokea, ikiamini, mpaka laini irudi. Wenyewe wa NDN bado wanabishana jinsi ya kuifuta saini iliyokwisha kusambaa, na ubishi huo sijauona ukifungwa.